Sura ya Nne: Tangazo Lililokufa Kila Asubuhi

Tangazo la Mzee Ladislaus lilikuwa likifa kila siku kabla ya saa sita mchana, na Inspekta Nazari alitaka kujua ni nani aliyekuwa akiliua.

Aliketi kwenye stuli ndani ya duka la Adrian, mjini Mbinga, jirani na stendi. Zamani, kahawa iliporuhusiwa kununuliwa na watu binafsi, chumba kile kilikuwa ofisi ya mnunuzi mmoja, na ndoano ya mizani yake ilikuwa bado imepigiliwa kwenye boriti. Sasa Adrian alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, na tangu mwaka uliopita aliuza kitu ambacho wengi mjini walikuwa hawajakielewa: nafasi ya juu mtandaoni.

"Nieleze kama unavyomweleza mteja," Nazari alisema.

"Mtu anashika simu, anaandika anachotafuta. 'Mzee amepotea.' Majibu yanakuja mengi, yamepangana. Lile la juu kabisa, lenye neno 'Tangazo' pembeni, limelipiwa. Hapo ndipo tulipomweka Mzee Ladislaus. Yeyote atakayeandika maneno hayo hapa Ruvuma anakutana naye kwanza."

"Kuwa wa kwanza kuna faida gani?"

"Afande, wewe ukitafuta kitu kwenye simu unashuka mpaka chini?"

"Sijawahi kutafuta."

Adrian alicheka kidogo. "Watu hawashuki. Wanashika la kwanza. La pili, wakiwa na muda. Ukurasa wetu bila kulipiwa uko chini huko, hata mimi niliyeutengeneza nauona kwa taabu."

"Na malipo yanakwendaje?"

"Kuonekana ni bure. Tunalipa mtu anapobonyeza akaingia ndani, kwenye picha na namba ya simu. Kila siku ina kiasi chake. Kikiisha, tangazo linaondoka mpaka siku nyingine ianze. Mimi nilidhani lingedumu siku nzima. Mzee mmoja wa Mpepai, ni watu wangapi watambonyeza? Lakini linamalizwa asubuhi."

Devotha, binti wa mzee huyo, alikuwa kwenye benchi la wateja, simu yake ameishika kwa mikono miwili. Ndiye aliyebaki nyumbani na baba yake tangu mama alipofariki. Mzee Ladislaus, mkulima wa kahawa na katekista wa zamani, alikuwa ameanza kusahau: kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya kwenda kanisani. Siku moja ya gulio alitoka nyumbani na sweta lake la kahawia, asirudi. Dereva mmoja wa lori la makaa ya mawe alisema alimpa lifti mpaka Ngaka, akamshusha kwenye vibanda vya chakula. Nazari alikwenda Ngaka, akahoji madereva na mama ntilie, akapata habari za sweta tu. Malori yakitoka pale na makaa huelekea Songea na mbele yake, kwa hiyo msako wote ulikuwa umeelekea huko.

"Ni baba mdogo Othmar," Devotha alisema bila kuinua macho. "Kabla baba hajapotea walikuwa wanagombea mpaka wa shamba. Baba akipatikana, kesi inaendelea. Asipopatikana, imekwisha yenyewe."

"Nani alikwambia kuna mtu anayelimaliza tangazo kusudi?"

"Mimi," Adrian alisema. "Nilimwambia inawezekana. Kuna mwenye gesti hapa mjini alifanyiwa hivyo na mwenzake. Alikuwa anambonyeza asubuhi mpaka anammaliza, mchana wageni wakitafuta pa kulala wanamwona yule mwingine."

Nazari alifikiri juu ya hilo. Aliyefanya kusudi kulizima tangazo hakutaka mzee apatikane, na asiyetaka mzee apatikane huenda alijua alipo. Ndiyo maana alikuwa ameacha shughuli nyingine ofisini akaja kukaa kwenye stuli.

"Mtu mmoja anaweza kulimaliza peke yake?"

"Zamani, labda. Siku hizi mtambo wenyewe una akili. Simu moja ikirudia rudia, unaikataa, hautozi. Hizi zimetozwa. Ni simu nyingi tofauti."

"Kwa hiyo Othmar peke yake hawezi."

"Labda ana watu," alisema Devotha.

"Nionyeshe saa zenyewe," Nazari alimwambia Adrian.

Adrian aligeuza kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na nguzo ndogo za buluu, kila moja ikionyesha tangazo lilibonyezwa kiasi gani katika saa fulani. Jumatatu nguzo ndefu ilikuwa alfajiri. Jumanne alfajiri. Alhamisi na Ijumaa vilevile. Nazari alisogeza stuli.

"Hii ni siku gani? Imechelewa."

"Jumapili."

"Na Jumapili ya wiki iliyotangulia?"

Adrian alirudi nyuma. Nguzo ya Jumapili hiyo nayo ilikuwa imechelewa kwa kiasi kilekile. Nazari akauliza, "Misa ya kwanza Mpepai inatoka saa ngapi?"

Devotha aliinua macho sasa. "Saa tatu hivi. Kwa nini?"

"Adui gani anasubiri misa itoke?"

Adrian alikuwa bado anapekua siku. "Kuna hii pia, Afande. Jumatano iliyopita. Asubuhi hakuna hata moja. Tangazo limekaa juu mchana kutwa, jioni limebonyezwa mara moja tu."

"Wapi?"

"Mtambo hautaji mtu, unataja eneo. Unasema Nyasa, ziwani, karibu na Lituhi."

"Lituhi hatuna mtu," Devotha alisema. "Na Jumatano hakuna aliyenipigia."

"Inaweza kuwa yeyote," alisema Adrian. "Wengine wanabonyeza kwa kukosea."

Nazari alisimama. Mpepai ilikuwa karibu kuliko Lituhi, na mtuhumiwa wa Devotha alikuwa Mpepai.

*

Mzee Othmar alikuwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake akichimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji ya mvua mlimani. Alimwona polisi akipanda, akaendelea na jembe mpaka alipofikiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata au kunisaidia kulima?"

"Kuuliza."

"Basi uliza nikiwa nalima. Mvua hainisubiri."

"Mzee unalijua tangazo la kaka yako kwenye simu?"

"Nalijua sana."

"Unalibonyeza?"

"Kila asubuhi." Othmar hakusita hata kidogo. "Mimi sina hiyo simu ya kupapasa. Tadea, mke wangu, anayo. Anaifungua, ananishikia, nabonyeza kwa kidole changu. Nikimaliza mimi, anabonyeza na yeye kwa ajili ya shemeji yake."

Mzee aliacha jembe, akajiegemeza kwenye mpini.

"Devotha amekwambia nini? Kwamba nimemficha kaka yangu kwa ajili ya mibuni? Mwambie hivi. Nilimpeleka Ladislaus kwenye baraza la ardhi, ni kweli, na akirudi nitampeleka tena, maana mpaka ule ni wangu. Sasa asiporudi nitamshinda nani?"

"Nani alikuambia ubonyeze?"

"Jumuiya yetu ya kanisa. Tulitangaziwa na Mwenyekiti. Au siku hizi kusaidia nako ni kosa?"

"Hapana, mzee. Jambo moja la mwisho. Kaka yako ana ndugu upande wa ziwani?"

Othmar alitazama milima kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani. "Sisi ni baba mmoja. Mama yake alikuwa Mnyasa, baba alimtoa huko alipokuwa anakwenda kufanya kazi misheni. Mama huyo alifariki Ladislaus akiwa mdogo sana, ndipo baba akamwoa mama yangu. Hatukusikia tena habari za wajomba zake. Yule mama alimwimbia Kinyasa, sisi wengine hatukuambulia hata neno."

"Kaka yako alikuwa anakikumbuka?"

"Atakikumbukaje? Miaka yote hiyo tumeongea Kimatengo." Kisha akasema taratibu, "Ila siku za karibuni alikuwa ananiambia maneno nisiyoyaelewa. Nikadhani ni ule ugonjwa tu."

*

Mama Mektilda, Mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa mwalimu mstaafu, na bado alizungumza kama mtu aliyeshika chaki. Alimkaribisha Nazari kwa "Tumsifu Yesu Kristo," akasubiri aitikie "Milele amina" ndipo akampa kiti.

"Ndiyo, tunabonyeza," alisema. "Jumuiya yetu, na nyingine zote za kigango. Tumegawana ili pasiwe na uvivu. Mtu akimaliza sala ya asubuhi, anaandika 'mzee amepotea', analiona la kwanza, anabonyeza. Wasio na simu wanaazima. Jumapili tunabonyeza wote pamoja nje ya kanisa, misa ikitoka."

"Kwa nini, Mama?"

"Ili likae juu." Alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekuwa nje wakati wa kipindi. "Kwaya yetu ilirekodiwa mwaka jana, Afande. Video ilikuwa chini kabisa, haionekani. Vijana wakatuambia tuifungue wote, kila siku. Tukaifungua. Ikapanda mpaka wakatuita kuimba Songea. Sasa kama nyimbo zilipanda kwa vidole vyetu, mzee wetu aliyetufundisha katekisimu tungemwacha chini?"

Nazari aliangalia kofia yake magotini.

"Devotha anajua?"

"Hatukumwambia. Ana mzigo wa kumtosha. Hatukutaka ajione ana deni kwetu."

"Jumatano iliyopita hamkubonyeza."

Mama Mektilda alishangaa. "Umejuaje? Mnara wa simu ulikufa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kutwa nzima hapakuwa na mtandao, hata kupiga simu ilishindikana. Iliniuma sana. Siku nzima bila kumwombea kwa njia ile."

Hapo Nazari alikuwa na yote mbele yake. Siku kigango kizima kilipokosa mtandao, tangazo lilidumu mpaka jioni, na jioni hiyo mtu wa Lituhi aliliona. Kama mtu huyo alipiga simu, simu ya Devotha ilikuwa haipatikani. Tena mzee aliyerudi kwenye maneno ya mama yake, akisimama Ngaka kwenye njia panda ya Songea na ziwani, asingeelekea Songea.

"Mama Mwenyekiti, naomba kesho msibonyeze. Wote."

"Litashuka."

"Acheni lishuke. Ni kwa ajili ya upelelezi."

"Nitawatangazia," alisema.

*

Barabara ya Lituhi inapita Ngaka, na kesho yake gari la polisi lilikwenda kwa muda mrefu nyuma ya lori tupu, vumbi jeusi likiingia madirishani. Baada ya hapo iliteremka, joto likapanda, ndipo ziwa lilipoonekana.

Nazari alianza kwa mwenyekiti wa kijiji, kama ilivyo desturi. Alimwonyesha picha ya Mzee Ladislaus. Mwenyekiti aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akamrudishia.

"Huyu ni babu wa Rosina," alisema kwa sauti ya chini. "Twende."

Rosina alikuwa mjane wa makamo, Mwanglikana, mwenye vichanja vya kuanikia dagaa ufukweni. Alipoona sare aliweka chini ungo, akajifuta mikono.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Kaka yangu Cuthbert alikuwa apande Mbinga kesho, amecheleweshwa na homa. Karibu, Afande. Kaa kwanza."

"Mzee yuko wapi, mama?"

"Kaa kwanza," Rosina alirudia, na Nazari akajua.

Alikaa. Alitoa kofia. Mwenyekiti wa kijiji naye akatoa yake.

"Alifika na gari la samaki," Rosina alianza. "Lilikuwa linarudi tupu kutoka Ngaka. Wale vijana walimkuta anasema Kinyasa, wakadhani ni mtu wa huku anarudi kwao. Wakamshusha hapa. Alizunguka ufukweni mpaka giza, anauliza nyumba ya mama yake. Tulimuuliza mama yake ni nani, akasema 'mama'. Nikamchukua. Ningefanyaje?"

"Alisema ametoka wapi?"

"Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Sisi tukajua ni mtu wa pwani hii, labda wa Liuli au wa ng'ambo Malawi. Mwenyekiti alitoa taarifa vijiji vya huku kote. Padri wetu alitangaza kanisani mpaka Liuli. Milimani hatukuwaza. Anasema Kinyasa safi, cha kizee, wewe ungewaza milimani?"

"Nisingewaza."

"Kitu kimoja kilinitatiza. Mikono yake. Akikaa alikuwa anachuma. Hivi." Rosina alinyanyua mikono, akachuma hewani kwa vidole vya haraka, akitupa kwenye kikapu kisichokuwapo. "Huku hatuna zao la kuchuma hivyo. Cuthbert akasema ile ni kahawa. Hapo nikaanza kutafuta kwenye simu. Naitumia kuulizia bei ya dagaa, kidogo naijua."

Nazari alijilazimisha kuuliza. "Ulikuwa unatafuta wakati gani?"

"Jioni. Alfajiri niko hapa, mitumbwi inaingia, dagaa wakichelewa juani wanaoza. Nikishaanua ndipo nashika simu. Naandika 'mzee amepotea'. La kwanza kabisa lilikuwa linakuja la dawa ya kurudisha kumbukumbu. Linalofuata, mzee wa Mwanza. Linalofuata, habari ya zamani. Karibu kila jioni ni hivyohivyo, dawa, Mwanza, habari ya zamani. Nikasema huyu hatafutwi na mtu. Mungu anisamehe, niliwasema vibaya watu wake. Nilisema wamemtupa."

Mtumbwi mmoja ulivutwa mchangani, na watu waliouvuta walipoona sare walipunguza sauti.

"Alikuwa anajua kuna watu wake?"

"Kila gari likipita alikuwa anasimama. Anashika sweta lake, anakwenda barabarani. Gari likipita anarudi, anakaa, anachuma. Mwisho alishikwa na kifua. Zahanati walimpa dawa, walijitahidi. Kifua cha mzee, Afande. Alikwenda Jumapili, mchana, tumemshika mkono mimi na mke wa Cuthbert. Tulimzika kesho yake."

"Na Jumatano?"

"Jumatano nikasema nijaribu mara ya mwisho, pengine kuna mtu anapaswa kujua. Nikaandika maneno yaleyale. Likaja lake, juu kabisa. Picha, sweta, jina, Mpepai. Nilikaa chini pale kwenye mchanga. Nikapiga ile namba, haipatikani. Nitakwambia ukweli, nilishukuru kuwa haipatikani. Habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Ningemwambia nini mtoto wa watu, na hajui mimi ni nani? Tukakubaliana kaka aende mwenyewe."

Nazari alimwonyesha picha tena, kwa utaratibu, akamuuliza juu ya alama. Rosina alitaja kovu la msumeno wa kupogolea kwenye dole gumba la kushoto kabla hajaulizwa. Kisha walikwenda makaburini. Msalaba ulikuwa wa mbao mpya, umeandikwa neno moja: BABU.

"Hatukuwa na jina," mwenyekiti wa kijiji alisema.

Nazari alipiga magoti, akasali Raha ya Milele. Rosina alisali kwa namna ya kanisa lake, na walimaliza karibu pamoja.

*

Aliporudi Mpepai siku iliyofuata, hakwenda kwa Devotha kwanza. Alipitia kwa Mzee Othmar, akamwambia nyuma ya nyumba, na mzee akakaa kwenye ukingo wa ngoro aliyoichimba mwenyewe. Kisha akaomba maji, akanawa uso, wakaenda pamoja. Ni Othmar aliyesema maneno yale kwa Devotha, kwa Kimatengo, akiwa amemshika mabega.

Jirani walikuja kwa kilio. Mpaka jua linaanza kushuka kuni zilikuwa zimeletwa, masufuria yamepangwa, na akina mama wa jumuiya wamekaa mikekani ndani wakisali Rozari, Mama Mektilda akianzisha. Devotha alimwita Nazari pembeni ya jiko.

"Niambie yote," alisema. "Nani alikuwa analimaliza?"

Nazari alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima kutoka ziwani, wala hakupata jibu jingine. Alimwambia. Alimwambia juu ya kwaya, na sala ya asubuhi, na zamu za kigango. Alimwambia kwamba yule mama wa Lituhi alikuwa akitafuta jioni.

Devotha alisikiliza akitazama watu waliokuwa wakimenya ndizi uani. Othmar alikuwa miongoni mwao, akipasua kuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

"Adrian aliniambia nafasi ya juu ina faida," Devotha alisema mwishowe. "Ilikuwa na faida?"

"Siku lilipobaki juu, lilifika."

"Siku moja."

"Siku moja, dada."

Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Usiwaambie. Hawa ndio wanaonipikia leo. Usiku ndio watakaolala na mimi."

"Sitawatangazia," Nazari alisema.

Alipokuwa anaelekea garini alisikia hatua nyuma yake. Mama Mektilda alikuwa ametoka katikati ya Rozari, tendo la tatu la uchungu lilipoisha. Alisimama mbele yake, mikono ameikunja kwenye kitenge.

"Nilifanya ulivyosema. Jana hatukubonyeza," alisema. "Halafu nikaenda kuangalia limeshuka kiasi gani. Lilikuwa juu asubuhi. Mchana, juu. Jioni, bado liko juu."

Nazari alitoa funguo za gari mfukoni.

"Siku zote nikiangalia jioni nilikuwa silikuti. Nikadhani watu wamelegea. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikawahimiza wabonyeze zaidi. Mzee Othmar nilimgombeza mbele ya mke wake." Alivuta pumzi. "Huyo mama aliyemtunza, alikuwa anatafuta wakati gani?"

Nazari alifungua mlango wa gari, kisha akaufunga. Kazi yake ilikuwa imemzoesha watu wanaouliza ili wadanganywe, na alijua kuwatambua. Mama huyu hakuwa mmoja wao.

"Jioni, Mama."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama anayepokea hesabu iliyosahihishwa. "Asante," alisema. "Devotha anajua?"

"Anajua."

"Na amekubali uji wangu." Aligeuka, akarudi kwenye nyumba ya msiba, akitembea polepole kwenye majani ya migomba yaliyotandazwa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Devotha, akapiga magoti mbele yake, na mikono ya Devotha ikamvuta kifuani.

Nazari aliwasha gari. Kabla hajaondoka alisikiliza. Ndani palikuwa kimya, watu wakimsubiri anayeanzisha. Kisha tendo la nne lilianzishwa na mama mwingine, kwa sauti ya chini isiyozoea kuongoza, na wote wakaitikia.